Bundi wa Malagarasi: jinsi ya kumwona ukiwa ndani ya mtumbwi

Mvua inayonyesha Titye haibaki Titye. Maji mengi ya Kasulu huingia vijito, vijito huingia mto Ruchugi, na Ruchugi hushuka mpaka Uvinza kukutana na Malagarasi. Ndugu zetu wa Kibondo nao maji yao huishia huko huko, ila kwa njia ndefu zaidi. Malagarasi wenyewe huanzia kwenye milima ya mpaka wetu na Burundi, ukapanda kaskazini mashariki, ukageuka kusini, ukapotea kwenye mabwawa na mafunjo, kisha ukajikusanya tena na kwenda magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Ni safari ya kilomita 475 hivi.

Katika sehemu kubwa ya safari hiyo barabara ni maji, na gari ni mtumbwi. Wapo wanaovuka kwenda shambani, wapo wanaotega nyavu, wapo wanaofuata samaki wakavu kwenye madago. Hao wote hupita karibu na bundi kuliko mtu mwingine yeyote wa mkoa huu, na wengi wao wakimwona au wakimsikia huinamisha kichwa na kuharakisha kafi. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili yako msikilizaji uliye mbali na mto lakini usiku unamsikia bundi juu ya paa lako. Tutaeleza namna ya kumwona, ndege gani wengine utakutana nao njiani, na kwa nini kumuua bundi ni hasara inayoishia kwenye ghala lako la mahindi.

Tuanze na mtumbwi. Kwa nini mtu aliye majini anaona ndege wengi kuliko anayetembea ukingoni? Ndege humtambua binadamu kwa umbo lake na kwa mwendo wake: miguu miwili inayokanyaga majani makavu, mikono inayopunga. Ukikaa ndani ya mtumbwi, miguu haionekani, hatua hazisikiki, na mwendo wako ni ule ule wa gogo linaloelea. Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya kubebea makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Siku hizi mizigo hiyo inapita barabarani, na watu hupanda mashua nyembamba za mifereji hiyo kwa mapumziko. Mwendo wao wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 6 na kidogo kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na ndiyo maana jioni wanaona bundi ambao dereva wa gari hatawaona maisha yake yote. Sisi tuna kitu bora kuliko mashua yao, kwa sababu mtumbwi wa pondo hauna injini kabisa.

Sababu ya pili ni ukingo wenyewe. Mto unapopita kwenye miombo, miti mikubwa huinamia maji. Matawi hayo ndiyo kiti cha mvuvi, na hapa hatusemi mvuvi wa nyavu tu. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika ng'ambo, hukaa juu kabisa. Mdiria hukaa chini yake. Yupo mdogo wa rangi ya samawati anayeng'aa kama kitenge kipya, na yupo mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa majini kama jiwe. Mnandi na mbizi wako kwenye visiki, mabawa wameyatandaza yakauke, maana manyoya yao yanalowa maji wakizamia. Mbizi utamjua kwa shingo. Akiogelea, mwili wote unazama na shingo pekee inabaki juu kama nyoka. Mtu asiyemjua huweza kuruka nje ya mtumbwi kwa hofu, jambo ambalo ni hatari kuliko nyoka mwenyewe.

Kwenye maua ya yungiyungi utamkuta ndege mwenye vidole virefu ajabu anayetembea juu ya majani yaliyolala majini bila kuzama. Huyu ndiye sile-maua. Kwake yeye dume ndiye anayelalia mayai na kulea vifaranga, na jike akishataga huondoka kutafuta dume lingine. Mkiwa safarini na akina mama, habari hiyo hupunguza urefu wa njia.

Sasa bundi. Watu wengi hudhani bundi hutafutwa usiku. Hapana, mchana ndio wakati mzuri wa kujua anapokaa, kwa sababu mchana amelala mahali pamoja na majirani zake wanamchukia. Ndege wadogo wakimgundua bundi kwenye mti humzunguka na kumpigia kelele bila kukoma, mlamba akiwa mbele yao, wakimrukia na kumchokoza ili ahame. Ukiwa majini ukasikia ugomvi wa ndege wadogo kwenye mti mmoja uliofunga majani, na ugomvi hauishi, simamisha mtumbwi. Kama si nyoka ni bundi. Mtafute karibu na shina, si kwenye ncha za matawi. Usitafute ndege, tafuta kitu kinachofanana na kipande cha gamba la mti chenye macho.

Alama nyingine iko chini. Bundi humeza panya mzima, na tumbo lake haliwezi kusaga mifupa na manyoya. Vitu hivyo hukusanyika na kuwa fundo, naye hulitapika likiwa limebanana, mara nyingi likilingana na kidole gumba cha mtu. Chini ya mti anapokaa utakuta mafundo haya pamoja na madoa meupe ya kinyesi kwenye shina. Lipasue fundo kwa kijiti. Ndani utakuta fuvu dogo lenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa: huyo ni panya. Utakuta mabawa ya mende, labda mfupa wa chura. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ni ushahidi ambao mtu yeyote anaweza kuushika mkononi. Anayesema bundi hula roho za watoto aonyeshwe kile ambacho bundi amekula kweli.

Bundi wa mto wenyewe ni mmoja, nasi tutamwita bundi mvuvi. Ni mkubwa sana, rangi yake ni ya udongo mwekundu kama ule wa barabara ya Kasulu wakati wa kiangazi, kichwa ni cha mviringo bila zile pembe za manyoya, na macho ni meusi. Miguu yake haina manyoya, kwa sababu manyoya yangelowa kila anapotia mguu majini, na chini ya vidole ana miiba midogo ya kumshikia samaki anayeteleza. Hukaa kwenye tawi lililoinamia maji yaliyotulia, akasubiri kiwimbi cha samaki aliye juu juu, akashuka na kumnyakua.

Kuna jambo moja kwake linalowashangaza hata wataalamu wa ndege. Bundi wengine huruka bila sauti. Ukingo wa mbele wa bawa lao una vijino kama vya chanuo vinavyokata upepo, na juu ya manyoya pana ulaini kama wa mahameli. Kwa hiyo panya hasikii kitu mpaka kucha zimemfikia. Bundi mvuvi hana vijino hivyo, au anavyo kidogo sana, akiruka unamsikia. Samaki aliye ndani ya maji hawezi kusikia bawa lililo hewani, hivyo yeye hakuhitaji ukimya. Ukimsikia bundi mkubwa akiondoka juu ya kichwa chako kwa vishindo vya mabawa, na chini kuna maji ya kina, una kila sababu ya kudhani ni yeye. Sauti yake ni mvumo mzito, "huuum", unaofika mbali sana usiku wa kimya. Wapo waliosikia mvumo huo wakadhani ni mtu aliyezama anaita.

Ukitoka kwenye miti na kuingia mbuga za nyasi na mafunjo, bundi anabadilika. Huko yupo bundi wa majani, wa kahawia, mwenye duara jeusi kuzunguka kila jicho kana kwamba amepaka wanja. Huyu hangoji giza. Nusu saa kabla ya jua kuzama ameshaanza kuruka chini chini juu ya nyasi, na mara nyingine huja kuzunguka juu ya watu kwa udadisi, akitoa sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa. Hulala na kuzaa chini, kwenye vichaka vya nyasi. Moto unaowashwa mbugani bila mpango huwachoma yeye na vifaranga wake. Moto huohuo humwondolea mkulima wa jirani mlinzi wake dhidi ya panya, ila hasara hiyo huonekana miezi kadhaa baadaye na hakuna anayekumbuka kuihusisha.

Bundi wa nyumbani ni mwingine tena. Uso wake ni mweupe na una umbo la kopa, kifua ni cheupe chenye vidoadoa, mgongo ni wa dhahabu na kijivu. Hukaa kwenye dari za shule, minara ya makanisa, magofu, na mapango ya miti. Halii "huu" hata kidogo. Hupiga ukelele mrefu wenye mkwaruzo, "shriiiii", na vifaranga wake hukoroma usiku kucha wakidai chakula. Tukisema ukweli, sauti hiyo ikikushtua saa nane za usiku si ajabu ukakosa usingizi. Masikio yake hayako sawa: moja liko juu kidogo kuliko jingine, hivyo sauti ya panya husikika tofauti kidogo kwenye kila sikio, naye hujua panya yuko wapi hata kwenye giza ambalo jicho halioni kitu. Macho yake hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu, ndiyo maana hugeuza kichwa chote, karibu robo tatu ya duara. Shingo yake ina mifupa 14; yako ina 7. Wanaosema bundi anageuza kichwa kwa uchawi wamekosea mahali pa kutafuta sababu.

Hapo tumefika kwenye jambo lenyewe. Kote nchini, na si kwa Waha peke yao, bundi akilia juu ya paa husemwa kwamba amebeba habari ya kifo. Pwani wapo wanaomwita babewatoto, na jina lenyewe linakuonyesha wanamwogopea nini. Hatuandiki haya kuwadharau wazee. Wazee waliona jambo la kweli, ila walilisoma kinyume. Nyumba yenye mgonjwa mahututi haizimi taa. Watu wanakesha, na mtu anayekesha husikia sauti ambazo siku nyingine zingempita usingizini. Taa huleta wadudu, na wadudu huleta bundi wadogo. Nyumba yenye mavuno ndani huleta panya, na panya humleta bundi wa uso mweupe. Mgonjwa akifariki, watu hukumbuka sauti ile. Zile usiku nyingi ambazo bundi alilia na kila mtu akaamka salama, hakuna aliyezihesabu.

Na si kila kinacholia usiku ni bundi. Ile sauti inayofanana na mtoto anayelia juu ya mwembe mara nyingi ni ya komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa na mkia mrefu, anayekula utomvu wa miti, matunda na wadudu. Ukimmulika kwa tochi macho yake huwaka kama makaa. Na ile "prrp" fupi inayorudiwa kila baada ya sekunde chache, ambayo wengi hudhani ni mdudu, kumbe ni bundi kweli: mmoja mdogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, ambaye kazi yake ni kula panzi na nondo.

Hofu hii haiishii kwa ndege. Katika mikoa ya kanda ya ziwa na magharibi mwa nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na mara nyingine ushahidi pekee dhidi yao ulikuwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka sitini. Bundi anayetua kwenye nyumba ya bibi anayeishi peke yake huongeza kuni kwenye moto huo. Bibi huyo mara nyingi ana nyumba kuukuu, paa la nyasi lenye matundu, na hana paka. Panya wanapenda pale, na bundi amefuata panya. Tunaomba jambo hili lielezwe kwa sauti kwenye vilabu vya pombe na vijiweni, maana huko ndiko maneno mabaya huanzia.

Tuje kwenye hesabu ya shamba. Panya shamba, yule wa kahawia ambaye kila mkulima wa mahindi anamfahamu, huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikiwa nzuri huongezeka mpaka wanafukua mbegu siku ile ile uliyopanda. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina kituo kizima kinachoshughulikia panya na visumbufu vingine vya mazao, na makadirio yanayotajwa na watafiti kwa Tanzania ni kwamba panya hula asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kwa mwaka wa kawaida. Chukua gunia 20 utoe asilimia 10: ni gunia mbili zimeondoka bila mwizi kuvunja mlango. Bundi mmoja wa uso mweupe hula panya watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na vifaranga yeye na mwenzake hukamata zaidi ya hapo. Malaysia wakulima wa michikichi huweka masanduku ya mbao juu ya nguzo ili bundi hawa wazalie humo. Israeli walianza mwaka 1983, na baadaye wakulima wa Jordan na Palestina wakajiunga nao, pamoja na ugomvi wote ulioko kati yao. Sisi tuna michikichi hapa hapa Kigoma, na bundi tunao tayari. Kinachotakiwa ni kutompiga manati.

Na sumu ya panya? Itumie kwa uangalifu, kwa sababu panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa, hutoka hadharani, na bundi humkamata kwa urahisi. Hapo umemuua mlinzi pamoja na mwizi, na mwaka unaofuata panya hurudi lakini bundi hayupo. Okota panya waliokufa uwafukie.

Tuseme na upande wa pili, maana msikilizaji wetu si mtoto. Yupo bundi mkubwa wa kijivu mwenye kope za rangi ya waridi, mkubwa kuliko wote hapa, anayeweza kuchukua kanga na kifaranga cha kuku kilichoachwa nje usiku. Dawa yake ni kufunga banda kabla ya giza. Banda lililofungwa hukuokoa pia na kicheche na fungo, ambao wanakula kuku wengi kuliko bundi huyo. Na sheria haichezi: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua au kukamata mnyamapori bila kibali, na ndege wamo.

Kuna ndege mmoja ambaye sheria hiyo inamhusu kwa namna ya pekee. Ukiingia ndani kabisa ya mabwawa, kuelekea ziwa Sagara na Nyamagoma, unaweza kumwona korongo nyangumi: wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mpira. Husimama saa nzima bila kutikisika, akimngoja kamongo apande juu kuvuta hewa. Duniani anapatikana Afrika tu, kwenye mabwawa machache ya Sudan Kusini, Uganda, Kongo, Zambia na majirani wachache, pamoja na haya ya kwetu. Hutaga yai moja hadi matatu, na mara nyingi ni kifaranga mmoja tu anayekua. Kwa hiyo kila kifaranga anayechukuliwa kwenye kiota ili auzwe ng'ambo ni pigo kubwa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi. Akija mtu na fedha kukuuliza kiota kiko wapi, jibu unalo.

Eneo hilo la mabwawa, linaloitwa Malagarasi-Muyovozi, ndilo la kwanza Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 32,500. Nchi nzima ya Burundi ni ndogo kuliko hapo. Sehemu yake ni pori la akiba, na huko huingii bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA, hata kama nia yako ni kutazama tu. Lakini hakuna haja ya kufika huko kuona bundi. Ukingo wa mto karibu na kijiji chako unatosha.

Kabla hujaenda, kuna neno kuhusu viboko. Wakati bora wa kuwaona bundi ni jua linapozama na alfajiri, na huo ndio wakati kiboko anatoka majini kwenda kulisha na wakati anarudi. Ukiwa na mtumbwi kati yake na njia yake, hatakuuliza umekuja kuangalia nini. Kwa hiyo fanya hivi: safiri mchana pamoja na mvuvi anayeujua mto, jifunze miti yenye dalili za bundi, halafu giza likikaribia toka majini. Kaa dagoni au mahali pa juu pasipo na njia ya kiboko, mbali na ukingo kwa sababu ya mamba, usikilize kutoka hapo. Wapo wavuvi wanaogonga ubavu wa mtumbwi wanapokaribia kona ili kiboko ajue wanakuja. Ndege wataruka, waache waruke. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Watoto wasiende usiku. Na chini ya Uvinza kuna maporomoko, pamoja na yale ya Igamba, kwa hiyo usiuache mto ukupeleke unapotaka wenyewe.

Tochi ishike usawa wa macho yako, hapo ndipo utaona macho ya mnyama yakirudisha mwanga. Macho mekundu yaliyo juu ya maji kabisa ni ya mamba. Yaliyo mtini yakirukaruka ni ya komba. Yaliyo chini njiani, yakipaa ghafla bila sauti, ni ya kirukanjia, ndege wa usiku ambaye si bundi ingawa wengi huwachanganya. Bundi ukimpata mmulike kwa muda mfupi tu, kisha pindisha mwanga pembeni yake. Macho yake yametengenezwa kwa ajili ya giza, na ukimpofusha anaweza kuruka akajigonga.

Majira nayo yana tofauti. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, maji hupungua, samaki hubanwa kwenye vidimbwi, na ndege wala samaki hujaa mahali pamoja. Kuanzia Oktoba wageni kutoka Ulaya na Asia huwasili, mbayuwayu wakiwa wengi zaidi, na hukaa nasi mpaka Machi au Aprili. Mvua zikishika, mto hutapakaa mbugani na ndege nao hutawanyika. Wakati huo bundi hutafutwa kwa masikio.

Kwa masikio, simu yako inatosha. Karibu kila simu janja ina sehemu ya kurekodi sauti, na hata simu nyingi za vitochi zinayo. Geuza upande wa kinasa sauti uelekee mti, iweke juu ya kitu badala ya kuishika mkononi, usizungumze kwa dakika mbili. Mwishoni taja mahali, tarehe na saa, halafu taja jina analoitwa ndege huyo kwenu kwa Kiha, maana majina ya wazee mara nyingi hubeba sauti yenyewe ya ndege. Usimchezee bundi sauti ya bundi mwenzake kutoka kwenye simu ili aje karibu. Atadhani amevamiwa, ataacha kuwinda au kulalia mayai, na ukirudia kila siku atahama mti huo.